Huyu haongei

Asubuhi hii kiongozi wa timu kaniletea fomu ya intavyu ya juzi, kwenye sehemu ya maoni kaandika maneno mawili tu, "huyu haongei", na kujieleza kampa 2 kwa 5. Nimekaa na hiyo fomu mpaka chai imepoa, maana maneno hayo ni yangu, niliyaandika mimi mwenyewe Januari 2021.

Mnaikumbuka ile wiki. Uchaguzi wa Uganda Alhamisi tarehe 14, intaneti ikazimwa jioni ya siku iliyotangulia, Ijumaa nikatembea hadi ofisini Ntinda, Kampala, kuangalia tu kama mlango upo salama, nikamkuta kijana amekaa kwenye ngazi. Alikuwa na intavyu saa nne na hakuna aliyempigia kumwambia imesogezwa, basi akaja. Mtu wa Arua kama mimi, tukasalimiana kwa Kiswahili cha kwetu.

Mtihani wetu ulikuwa wa mtandaoni na mtandao wenyewe hakuna. Nikamfungulia programu yetu ya malipo kwenye kompyuta yangu, nikamwambia ripoti ya wateja haikubaliani na pesa iliyoingia, hebu angalia. Akaomba karatasi.

Dakika 40 hakusema neno. Kalamu tu, na huko chini jamaa wa rolex, zile chapati za mayai, anapiga mayai kwenye kikombe, tak tak tak, ule mji ulikuwa kimya kiasi cha kumsikia mpaka ghorofani. Anafungua faili, anachora mshale, anarudi nyuma, anafuta. Mimi nilizoea watu wanaofikiri kwa sauti, ndivyo nilivyofundishwa kuendesha intavyu, mtu akiongea unaona akili yake inapita wapi, sasa huyu naona kisogo tu, basi nikaanza kujaza fomu. Ndipo akageuka, akauliza polepole, "Mzee, mtu akijiandikisha leo na namba ya simu ya 077, kesho akaja na ileile kwa 25677, hapa si mnamhesabu watu wawili?"

Wahandisi wanne walikuwa wameitafuta hitilafu hiyo wiki tatu. Na sehemu ile ya programu niliiandika mimi.

Sikumchukua. Jumatatu intaneti ikaanza kurudi, tukarekebisha, wiki hiyohiyo nikamwandikia ile barua ya asante kwa kuja, kwa sababu fomu ilisema kujieleza 2, na mwenzangu tuliyeanzisha naye kampuni alitaka mtu wa kusimama mbele ya wateja. Na sababu hiyo siwezi kuiita uongo hata leo, shida nyingi nilizosuluhisha kwenye timu zilianzia kwa mtu aliyejua jambo akalinyamazia. Lakini yule alichokijua alikisema, tena kwa swali moja.

Namba yake ilipotea na simu ya zamani. Karatasi ninayo, ile mishale imeanza kufifia.

Nimempigia kiongozi wa timu, nikamuuliza huyo binti wa juzi alinyamaza akiwa anaangalia nini. Hajui, hakuangalia. Nimemwambia amwite tena Jumatano, nitakaa naye mimi, na tumwekee karatasi mezani.