Amonaiti Ndogo Malindi: Tazama Mwamba, Kisha Mshono

Kisukuku cha mviringo, kidogo kama sarafu ya shilingi ishirini, kikikufikia Malindi, uliza kwanza kimetoka wapi. Amonaiti, wanyama wa baharini wenye gamba la mzunguko, jamaa wa ngisi, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mawe ya matumbawe yaliyojengea Gede ni ya juzi tu ukilinganisha, hayana amonaiti. Tabaka za Jurasiki, enzi ambayo amonaiti waliishi, ziko kusini, pande za Kambe, Rabai na Mombasa. Kilichokatwa katikati na kung'arishwa kama kioo, mara nyingi ni bidhaa ya Madagaska. Na kile cheupe, chepesi, ambacho mizunguko yake haigusani, ni spirula, jamaa wa ngisi aliye hai hadi leo. Mawimbi humleta ufukweni.

Osha kwa maji ya mvua na mswaki laini. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na kisukuku chenye mng'ao wa pairiti (madini ya chuma na salfa, rangi ya dhahabu) kikipata chumvi na unyevu huchanua unga hadi kuvunjika. Usikitumbukize kwenye siki: gamba la chokaa huliwa, mbavu zikaenda nalo.

Sasa zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Tafuta mishono, yaani pale kuta za vyumba zilipokutana na gamba. Ukiwa umejipinda kidogo tu, huyo ni nautilasi, jamaa yake mwenye gamba la aina hiyo aliye hai hadi leo; ukiwa umechanjika-chanjika kama lesi, ni amonaiti. Gamba likiwa bado zima mshono hauonekani, basi tazama palipovunjika: tundu la mrija unaopita vyumbani, la amonaiti, kwa kawaida liko ukingoni nje, la nautilasi liko karibu na katikati.

Geuza uone mgongo, yaani ukingo wa nje wa mzunguko. Mafundi wa majahazi wataelewa haraka: je, una mkuku, una mfereji, au ni laini? Mataruma, yaani mbavu za gamba, yanagawanyika? Yakigawanyika mawili kuelekea mgongoni, bila mkuku, na kitovu, yaani shimo la katikati ya mzunguko, kikiwa wazi, fikiria ukoo wa Perisphinctes, amonaiti wa Jurasiki.

Udogo ndio mtego. Mishono ya mwisho ikisongamana, huyo alikuwa mtu mzima mwenye umbo dogo. Ikifika hadi mwisho bila nafasi ya chumba cha kuishi (cha mwisho, alimokaa mnyama mwenyewe), umeshika kiini cha mkubwa aliyevunjika, na viini hufanana mno. Ishia kwenye ukoo, jina la spishi liache.

Usichimbe bila kibali. Sheria ya Kenya ya 2006 inataka uwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7, ukionyesha mahali hasa ulipookota.