Kumtafuta babu wa Kiingereza: anza na parishi, jina litafuata

Wengi huanza kwa kuandika jina la ukoo kwenye tovuti, wanaletewa akina John watatu, wanamchagua yule ambaye mwaka wake unakaribia. Mti wa ukoo huanza kupinda hapo hapo, na kila tawi litakaloongezwa baadaye ni la watu wengine kabisa.

Parishi, yaani eneo linalohudumiwa na kanisa moja, ya vijijini Uingereza katika karne ya 18 mara nyingi ilikuwa na watu mia chache tu. Majina ya ukoo yalikuwa machache, na ya ubatizo machache zaidi: John, William, Thomas, Mary, Ann, Elizabeth. Binamu wawili wenye jina moja na umri mmoja, wote vibarua wa shamba, ni jambo la kawaida. Faharasa haiwezi kuwatenganisha. Ukilisoma daftari zima la kanisa, unaweza.

Lakini kwanza ujue parishi ni ipi. Rudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwa watu unaowajua. Vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na kifo vinaanza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili huonyesha pia jina la mama kabla ya ndoa. Ukikuta kistari mahali pake, kwa kawaida mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Kisha shika sensa ya 1851, maana ndiyo iliyoandika parishi aliyozaliwa kila mtu. Ile ya 1841 iliuliza tu kama mtu kazaliwa kaunti hiyo hiyo, na wenye umri zaidi ya miaka 15 walishushiwa umri hadi kwenye fungu la 5: wa miaka 39 ameandikwa 35. Usimkatae mtu kwa sababu ya miaka minne.

Ukishaijua parishi, uliza nyaraka zake zimehifadhiwa wapi. Mipaka ya kaunti ilihamishwa mwaka 1974, na mipaka ya dayosisi haifuati ya kaunti. Rutland ni mfano mzuri: nyaraka zake ziko pamoja na za Leicestershire, ilhali kikanisa iko chini ya dayosisi ya Peterborough. Unapokwenda kwenye hifadhi ya nyaraka, weka nafasi mapema, beba penseli (kalamu ya wino hairuhusiwi), na nakili namba ya kumbukumbu ya kila daftari kabla hujaanza kusoma. Picha mia mbili za simu zisizo na namba ni takataka.

Madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko yaliamriwa mwaka 1538, ingawa parishi nyingi zimepoteza miaka ya mwanzo. Tangu 1598 nakala ilitakiwa kupelekwa kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo ni dawa ya ukurasa ulioliwa na panya, na mara nyingine zina neno ambalo kasisi hakuliandika kwenye daftari lenyewe, kwa hiyo soma zote mbili. Kuanzia tarehe 25 Machi 1754 ndoa zina kitabu chake, chenye sahihi au alama za maharusi na mashahidi wawili. Sahihi ni hazina: John anayeandika jina lake vizuri mwaka 1760 hawezi kuwa John aliyechora msalaba mwaka 1768, isipokuwa mkono umeumia. Tangu 1813 fomu zimechapwa, ubatizo nane kwa ukurasa, na kazi ya baba inaandikwa.

Sasa kazi yenyewe. Andika kila ubatizo, ndoa na ziko la jina lako la ukoo kwa miaka mia moja, hata la mtu usiyemhitaji. Halafu wazike. Yaani, kwa kila mtoto aliyebatizwa, tafuta kama kazikwa akiwa mdogo. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayopangua makosa mengi. Mtoto akifa, jina lake mara nyingi lilipewa anayefuata, kwa hiyo Mary wa 1741 huenda alizikwa 1742 na bibi yako ni Mary wa 1744. Kumbuka pia kwamba ubatizo si kuzaliwa: familia nyingine zilipeleka watoto wanne kanisani siku moja.

Tarehe nazo zina mtego. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Tuseme wazazi wameoana Mei 1731 na mtoto kabatizwa tarehe 10 Februari 1731. Msomaji wa haraka atasema mtoto alitangulia ndoa. La: Februari hiyo inafuata Desemba ya 1731, na kwa hesabu yetu ni 1732, miezi tisa baada ya harusi. Andika 1731/2 kwenye karatasi zako, usirekebishe kimyakimya. Kwenye daftari la Kilatini, Jacobus ni James na Gulielmus ni William.

Mapengo yana sababu zake. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na miaka iliyofuata, 1642 hadi 1660, madaftari mengi ni matupu au yana viraka. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na ushuru wa peni 3 kwa kila ingizo, na maskini walisamehewa. Ndiyo maana ghafla unaona herufi P ("pauper", yaani maskini) pembeni ya watu waliokuwa na uwezo wao.

Tukizungumzia maskini, wao ndio wameacha habari tamu kuliko wote. Chini ya sheria ya 1662, kila mtu alikuwa na parishi moja iliyowajibika kumtunza akiishiwa, na parishi hazikutaka kulipia watu wa jirani. Mahakimu walimhoji mhamiaji: kazaliwa wapi, kaajiriwa na nani, kwa muda gani, kwa mshahara gani, kaoa lini. Majibu hayo ni wasifu wa kibarua asiyejua kuandika, kwa karatasi moja. Zingatia muda wa ajira. Aliyetumikia mwaka mzima bila kuoa alipata haki ya ukaazi, kwa hiyo waajiri wengine walimwajiri mtu kwa wiki 51. Mke alifuata haki ya mume, na ndiyo sababu mjane angeweza kupelekwa na watoto wake kwenye kijiji ambacho hajawahi kukiona. Amri ya kurudishwa iliandikwa kwa parishi mbili, ile inayofukuza na ile inayopokea. Ikikosekana upande mmoja, itafute upande wa pili.

Mwisho, ramani ya zaka. Sheria ya 1836 iligeuza fungu la kumi la mazao kuwa malipo ya fedha, na kwa ajili hiyo parishi nyingi zilipimwa kiwanja kwa kiwanja. Zipo kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka huko Kew, London, orodha chini ya namba ya kumbukumbu IR 29 na ramani chini ya IR 30. Orodha inataja mwenye ardhi, mkaaji, jina la shamba, na ukubwa kwa tarakimu tatu: 2.1.20 ni ekari 2, ruudi 1 na perchi 20. Ruudi ni robo ya ekari na ina perchi 40, kwa hiyo hapo una ekari 2 na sehemu tatu kati ya nane za ekari. Parishi zilizomaliza suala la zaka wakati wa kugawa mashamba ya pamoja, hasa katikati ya Uingereza, huenda zisiwe na ramani hii. Omba ile ya ugawaji.

Nyumba za vibarua ndizo zenye usumbufu, kwa kuwa orodha hutaja mkaaji mmoja na kuongeza "na wengine". Hapo chukua sensa ya 1841, ambayo karani aliifanya akitembea mlango kwa mlango. Tafuta kwenye orodha yake wakulima wawili ambao viwanja vyao unavijua kwa namba. Waliotajwa kati yao mara nyingi wako kwenye safu ya vibanda kati ya viwanja hivyo.