Mbaraka kwenye daladala

Leo jioni foleni ya Mbagala haisogei, watu wamenuna, joto, dereva akaweka wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa na mwimbaji wa zamani.

Mzee wa siti ya mbele akaanza kuimba taratibu, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki naye akadakia. Konda, kijana mdogo tu, akauliza, "Kwani huyu jamaa siku hizi anapiga wapi?"

Dah.

Mzee akamgeukia, wala hakumcheka. "Mjukuu wangu, huyu alikufa kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979. Alikuwa na miaka 34."

Konda akasema, "34? Si kama bradha wangu!" akasahau hata kudai nauli.

Mi hiyo 34 ndo imenikaa kichwani mpaka sasa hivi. Yaani jamaa alishang'ara na Morogoro Jazz, alishaenda Japani na gitaa lake kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 pale Osaka, kaanzisha bendi yake ya Super Volcano, na lile solo anavyolipiga hana haraka kabisa, unamsikiliza kama mtu aliyekuwa na miaka mingine hamsini ya kupiga.

Na Morogoro, mji kasoro bahari, sijui una nini jamani, maana hata rapa wetu Ngwair alifariki 2013 akiwa na miaka 30, huko Afrika Kusini.

Haya wadau, wimbo gani wa Mbaraka ukipigwa unaacha kila kitu? Na mwenye kanda za wazazi azitaje hapa, nakuja inbox usiku huuhuu 😅