Nahodha gani huyu?

Tangu Jumanne, nilipofundisha kwa igizo nikiwa mimi mwenyewe nahodha wa chombo cha baharini, neno hili bado nalisikia. "Nahodha gani huyu hajui usukani? Anatupa mtihani."

Hakulisema kwa ukorofi. Alimnong'oneza mwenzake huku akichezea mchanga, mtoto mmoja wa fundi wa vyombo vya baharini. Wengi hawakusikia. Mimi nilisikia.

Darasa la nne A, watoto 58, dakika 40, chini ya mkwaju. Dakika 5 za mwanzo ni kuchangamsha mwili: tembea, ganda, tembea, ganda. Alama ya kuganda ni makofi matatu. Filimbi niliacha zamani, ikilia tu wanajua ni mpira. Kisha nikawaambia wazi: "Nikivaa pama hili, mimi ni nahodha. Nikilivua, ni Mwalimu." Ukiiruka hatua hiyo, nusu watacheka na nusu wataogopa, hawajui wamwamkie nani. Na vazi liwe moja tu. Siku niliyovaa kikoi, kanzu na kubeba kasia juu, walitazama nguo kipindi kizima.

Pama likakaa kichwani, nami nikakaa chini. Nahodha mwenye shida hasimami mbele kama anakagua gwaride. Nikasema chombo changu kimepanda mwamba, na nimeambiwa hapa Bagamoyo ndipo penye mafundi. Wakaingia wote. Mmoja akauliza nimebeba nini, mwingine akauliza kama kuna maiti. (Maiti lazima. Igizo la shule likikosa mlevi, basi lina maiti.)

Halafu nikaharibu mwenyewe. Nikaelekeza kidole kwenye mchoro wa chombo pale mchangani: "Na hiki cha nyuma kinaitwaje?"

Mikono ikapaa. "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!" Pama liko kichwani, lakini nahodha keshakufa, na waliokuwa mafundi wamerudi kuwa wanafunzi wanaogombea vema. Ndipo ukaja ule mnong'ono.

Nimeurudia nikiosha vyombo, nimeurudia kwenye bajaji, nimeurudia wathibiti ubora wakiwa wamekaa nyuma ya darasa Jumatano. Kinachouma ni kwamba nayajua haya. Dorothy Heathcote, yule mwalimu wa Uingereza aliyeanza kazi kwenye kiwanda cha nguo akiwa na miaka 14, aliingia ndani ya uhusika pamoja na watoto ili wao ndio wawe wenye ujuzi. Sasa mtoto aliyezaliwa kando ya mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za chombo, mimi namuuliza jina la usukani! Jibu nilikuwa nalo mfukoni, na alijua ninalo.

Ijumaa nikaenda na pama lile lile kwa mkondo B. Swali nililiandika usiku, nikalifuta mara tatu. "Usukani umevunjika, umekwenda na maji. Nina mbao mbili, misumari haitoshi, chombo kinavuja ubavuni, na bahari inajaa saa kumi. Tuanze na nini?"

Kimya. Kimya cha namna hiyo kinatisha, na kosa letu walimu ni kukijaza maneno. Nikahesabu moyoni hadi kumi. Nilipofika saba, binti mmoja akasema, "Nahodha, usukani wa nini na chombo kinavuja? Tutie kalafati kwanza, tuzibe nyufa." Mwingine akaruka: bila usukani utakwenda wapi? Nikawagawa sita sita. Kundi likifika kumi, wanne wanakuwa watazamaji. Kila kundi litengeneze sanamu moja ya miili yao, kazi ya kwanza itakayofanywa. Kundi moja likatuma mjumbe kuniomba pamba na sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia chombo, akasimama kunisubiri nimpe. Nikampa, mikono mitupu, akavipokea kwa mikono miwili na kuondoka taratibu asimwage.

Hapo nikacheka peke yangu kama mwehu. Sikujua wataamua nini, na mpaka kengele inalia hawakuwa wameamua. Nilibakiwa na dakika 2 za kuvua pama na kuuliza nani alibadili mawazo na kwa nini, wakati zinatakiwa 5 au zaidi. Hizo ndizo zinazoliwa kila mara, na ndizo zenye somo lenyewe.

Jumanne nawarudia A. Nafikiria pama nimvishe yule wa mnong'ono, mimi niwe fundi nisiyejua kitu, ila naogopa wenzake watadhani ni adhabu. Labda niliweke tu katikati ya duara nione nani atalichukua.