Nilivyotoka kwenye kuelewa video tu mpaka kuandika kodi yangu mwenyewe

Kuna hali inawakatisha tamaa wengi wanaoanza kujifunza programu na mimi ilinikaa muda mrefu. Unaangalia video, mwalimu anaandika kodi, yaani maelekezo ya kuiambia kompyuta ifanye nini, kila mstari unauelewa, unajiona umeiva kabisa, halafu unafunga video unafungua faili tupu uandike kitu kidogo cha kwako na hakiji chochote, unabaki unakatazama kale kamstari kanavyopepesa kwenye skrini. Unarudi kwenye video, unaelewa tena, unafunga, unatoka kapa tena. Hapo ndo watu wanaanza kujiambia kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya na wanaacha, na inaniuma sana kwa sababu mara nyingi kichwa hakina shida yoyote, shida ni kwamba kuelewa kodi ya mtu na kuandika ya kwako ni vitu viwili tofauti na hiki cha pili video haikufundishi.

Kabla sijasema kilichonitoa, niondoe kwanza hili la lugha maana linakula muda wa watu bure. Nilikuwa najifunza lugha ya programu inayoitwa Python, na nilipokwama nikawa nawaza labda tatizo ni Python, nihamie JavaScript, lugha nyingine ya programu, na ukiuliza watu kila mtu anavutia kwake. Niliamua kubaki na nashukuru nilibaki. Python ilitoka 1991, Guido van Rossum ndo aliyeianzisha, JavaScript ikaja 1995, zote zina vitu vilevile vya msingi, yaani variabo (jina unalowekea thamani), masharti ya if, lupu (kurudia kitu mara kadhaa), listi (orodha ya vitu) na fanksheni (kipande cha kodi ulichokipa jina ukiite ukikihitaji), kwa hiyo kinachokusumbua kwenye moja kitakufuata hukohuko unakokimbilia. Kama unataka vitu vya kwenye brauza chukua JavaScript, kama unataka kuchakata data au huna upande bado chukua Python, halafu tulia nayo. Ila kama ni Python hakikisha somo ni la Python 3, manake Python 2 iliacha kutunzwa rasmi mwaka 2020 lakini masomo yake bado yamezagaa mtandaoni, utaona mtu kaandika print, ile amri ya kuonesha kitu kwenye skrini, bila mabano, unanakili kwako inakataa, unadhani umekosea wewe.

Sasa kilichonitoa. Niliacha kuendesha kodi kabla sijaandika kwenye karatasi itatoa nini. Ndo hivyo tu, lakini ukilifanya kweli utaona linavyouma mwanzoni. Chukua hii:

jumla = 0
for n in range(1, 5):
    jumla = jumla + n
print(jumla)

Ukimwonesha mtu anayeanza atakwambia ndiyo naelewa, inajumlisha namba. Sawa, inatoa ngapi? Wengi wanasema 15, kwa sababu wanasoma 1 mpaka 5. Inatoa 10, maana range(1, 5) inaanzia 1 na inaishia 4, ile 5 ni mahali pa kusimamia, yenyewe haihesabiwi. Ukiwa umeendesha tu bila kutabiri, ungeona 10 ungesema haya sawa ukaendelea, na siku nyingine lupu yako inapungukiwa na mzunguko mmoja hujui kwa nini. Lakini ukiwa umeandika 15 halafu skrini inasema 10, hapo kichwa kinaamka, unataka kujua imekuwaje, na ukishajua hausahau.

Namna nilivyokuwa nafanya, nachora safu mbili kwenye karatasi, moja ya n nyingine ya jumla, halafu naenda mzunguko kwa mzunguko kama vile mimi ndo kompyuta. n ni 1, jumla inakuwa 1. n ni 2, jumla 3. n ni 3, jumla 6. n ni 4, jumla 10, lupu imeisha. Na hapo ndo ule mstari wa jumla = jumla + n ukanielea vizuri, maana kwa macho ya hesabu ya darasani mstari huo hauwezekani kabisa, kitu kitakuwaje sawa na chenyewe ukikiongezea? Lakini ile alama moja ya = kwenye Python haisemi vitu viwili ni sawa, inasema kokotoa kwanza cha upande wa kulia halafu matokeo yake yaweke kwenye jina la kushoto. Ya kulinganisha ni mbili, ==. Watu wanakaririshwa hili kwenye video ila ukilipitia kwa mkono mara kadhaa linakaa lenyewe.

Halafu usiishie hapo, hapa ndo panapolipa kuliko pote kwa maoni yangu: badilisha kitu kimoja tu kwenye kodi hiyohiyo, tabiri tena. Isogeze ile print ndani ya lupu, chini ya mstari wa kujumlisha, inatoa nini? 1, 3, 6, 10, kila moja kwenye mstari wake. Irudishe nje, sasa chukua jumla = 0 iingize ndani ya lupu, ikae juu ya mstari wa kujumlisha. Inatoa 4, kwa sababu kila mzunguko unafuta kazi ya mzunguko uliopita na kinachobaki ni cha mwisho tu. Mistari minne imekufundisha mahali pa kuanzishia variabo, maana ya nafasi za mwanzo wa mstari kwenye Python, na lupu inafanya nini hasa, na hujaangalia video yoyote.

Kingine kinachowasumbua sana wanaoanza ni input, amri ya kupokea kitu anachoandika mtumiaji. Unaandika programu inamuuliza mtu namba mbili izijumlishe, anaweka 5 na 5, inajibu 55. Mtu anahangaika anadhani Python imeharibika. Kumbe chochote kinachoingia kwa input kinaingia kama maandishi, ni stringi, hata kama umeandika namba, na ukijumlisha stringi mbili zinaunganishwa tu. Lazima uibadilishe kwa int() ndo iwe namba, au float() kama ina desimali. Na ukiandika umri = input("Una miaka mingapi? ") halafu ukajaribu umri + 1 hiyo haikupi hata jibu la ajabu, inakupa TypeError, yaani kosa la kuchanganya aina za vitu, hapa maandishi na namba, na afadhali hiyo, kwa sababu kosa linalopiga kelele ni rahisi kulitafuta kuliko jibu baya linalopita kimya.

Na hapo tuongelee makosa, maana naona watu wakiona maandishi mekundu wanafunga macho, wanafuta kila kitu au wanakopi wanapeleka kwa mtu mwingine bila hata kusoma. Yasome. Kwenye Python anza na mstari wa mwisho kabisa, ndo unasema kosa ni la aina gani, halafu panda juu utafute namba ya mstari kwenye faili lako. NameError maana yake umetaja jina ambalo halijui, mara nyingi umekosea herufi moja au umeandika Jumla kwa herufi kubwa wakati ulianza na ndogo. IndentationError ni zile nafasi za mwanzo wa mstari hazijakaa sawa. IndexError umeomba kitu kwenye nafasi ambayo listi haina, listi ya vitu vitatu nafasi zake ni 0, 1 na 2, ukiomba ya 3 hakuna. Kuna moja tu ya kuwa nayo makini, SyntaxError, yaani umekosea kanuni za uandishi wa lugha, hii wakati mwingine inaonesha mstari ambao hauna kosa lolote, na kosa liko mstari wa juu yake, mabano ulifungua hukufunga, matoleo mapya ya Python yanajitahidi kukuonesha penyewe ila ukiona mstari unaolalamikiwa uko safi tazama wa juu yake. Nilikuwa naandika kila kosa jipya kwenye daftari na kilicholisababisha, na baada ya muda nikaona makosa yenyewe ni yaleyale machache yanajirudia tu, woga ukaisha.

Kukariri, mimi sikukariri. Python ina maneno 35 tu iliyoyatenga kwa matumizi yake, kama for, if, while, return, na unayoyatumia mwanzoni hayafiki hata nusu, mengine ni majina, ama yanayokuja na Python kama print na input, ama unayoyatunga mwenyewe, na hayo ya kwako unaweza kuyatunga kwa Kiswahili, hakuna anayekukataza kuita variabo yako umri au orodha_ya_wanafunzi. Mimi ilinisaidia sana hiyo, nikiangalia kodi najua mara moja kipi ni cha Python na kipi nimekitunga mimi. Vitu vingine kama jina la fanksheni ya kupanga listi utasahau, utatafuta, utasahau tena, hata watu wa kazi wanatafuta kila siku, hilo lisikutie unyonge.

Video sikuziacha kabisa ila nilibadilisha namna ya kuzitumia. Naangalia kipande kifupi, nafunga, naandika upya bila kuchungulia, nikikwama nachungulia pale tu nilipokwama nafunga tena. Ikishafanya kazi nabadilisha kitu ambacho mwalimu hakukifanya. Kuna ule mchezo maarufu wa kubahatisha namba, programu inachagua namba kwa kubahatisha, kwa kutumia random.randint(1, 10), na wewe unakisia mpaka uipate. Somo linaishia hapo. Mimi nikajiuliza nikitaka mchezaji awe na nafasi chache tu? Nikitaka imwambie umekaribia? Mtu akiandika herufi badala ya namba inakuwaje? Kila swali likanipeleka kwenye kitu kipya ambacho sasa nilikuwa nakihitaji kweli. Na humohumo nikagundua randint inaihesabu na ile 10 ya mwisho, tofauti kabisa na range, kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwenye faili tupu lenyewe, dawa yake kwangu ilikuwa kutoanza na kodi. Naanza na komenti, yaani maelezo ndani ya faili ambayo Python inayaruka, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: chagua namba ya siri, muulize mchezaji, linganisha, kama ni kubwa mwambie, kama ni ndogo mwambie, rudia mpaka apate. Hizo ni hatua sita tu na hakuna hata neno la Python hapo, kama hauwezi kuziandika basi kilichokwama ni kulielewa tatizo lenyewe na hamna somo la lugha litakalokusaidia. Kama umeweza, chukua hatua moja igeuze kuwa kodi, iendeshe hiyo moja peke yake uone inafanya kazi, ndo uende ya pili. Usiandike mistari hamsini ndo ujaribu, ikigoma utaanzia wapi?

Na hizi programu za akili mnemba, najua kila mtu anazitumia sasa hivi na sitakwambia usizitumie, ila ukiwa bado unaanza usiiombe ikuandikie. Itakuandikia vizuri na utarudi kulekule kwa kuelewa kodi ya mtu mwingine. Iulize kwa nini mstari huu unanipa TypeError, au iambie nadhani hii itatoa 15 nimekosea wapi, halafu jibu lake lijaribu mwenyewe maana nayo inakosea kwa kujiamini kabisa. Ukimuuliza binadamu vilevile, mpe kodi yenyewe kama maandishi, mwambie ulitarajia nini, imetoa nini, na kosa lote lilivyo, mara nyingi ukiwa unaliandika swali vizuri namna hiyo jibu unaliona mwenyewe kabla hujalituma.

Kama uko tayari kuanza sasa hivi, chukua karatasi, hizi mbili usiziendeshe kwanza:

a = 3
b = a
a = 7
print(b)

Na hii, append inaongeza kitu mwishoni mwa listi:

a = [3]
b = a
a.append(7)
print(b)

Ya kwanza inatoa 3, ya pili inatoa [3, 7]. Kama zote mbili ulizipata na unaweza kueleza kwa nini zimetofautiana, nenda kaanze fanksheni. Kama ya pili imekushangaza, tafuta kwanza inakuwaje majina mawili yanashika listi moja, chora kwenye karatasi, halafu badilisha ule mstari wa pili uwe b = a.copy(), yaani b ipewe nakala yake ya listi, na utabiri tena.