Siku Moja Lamu, Nikijaribu Namna Programu Inavyokiri Kushindwa

Saa moja asubuhi nilikuwa nimekwisha kula mahamri na mbaazi na kufungua kompyuta, kabla punda wabebao mchanga hawajaanza kupita vichochoroni Langoni. Kazi ilikuwa kuhakikisha kwamba maktaba yetu ya programu (msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie), inayotambua aina za faili, inasema wazi pale inaposhindwa. Maktaba hiyo haitegemei jina la faili, kwa kuwa jina mtu yeyote hulibadilisha. Husoma baiti zenyewe, yaani vipande vidogo vya data vinavyounda faili, na picha ya PNG, kwa mfano, huanza na baiti 8 zisizobadilika, ya pili hadi ya nne zikiwa herufi P, N na G.

Saa tatu nikaandaa faili mbovu: moja tupu kabisa, moja iliyokatika baada ya baiti 3 za PNG, na nyingine fupi ya kujaribu utambuzi wa tar, aina ya faili inayofungasha faili nyingi pamoja. Neno «ustar», linaloitambulisha tar, huanzia nafasi ya 257, kwa hiyo programu isiyopima urefu kwanza huweza kusoma nje ya mipaka. Yetu ilipima.

Baada ya sala ya adhuhuri nilikwama. Niliiondolea faili ruhusa zote, nikitarajia maktaba ishindwe kuitambua. Kwenye kompyuta yangu jaribio likapita, lakini kwenye seva likafeli, kwani huko faili ilisomeka bila kizuizi. Ilifika saa tisa ndipo nilipogundua kwamba majaribio ya seva yanaendeshwa na mtumiaji mkuu, ambaye katika mfumo wa uendeshaji wa Linux hazuiwi na ruhusa za kawaida. Wapo wanaoliruka jaribio la namna hiyo. Mimi nililihamishia kwa mtumiaji wa kawaida, kwa sababu lilikuwa limeficha kasoro nzito zaidi.

Maktaba ilikuwa ikijibu «haijulikani» kwa faili isiyotambulika na isiyosomeka pia. Ya kwanza imesomwa ikakosa mfano wake. Ya pili haijafunguliwa kamwe. Mtu aliyehifadhi picha za hati za wazee wake akipewa jibu hilo, huenda akaifuta hati nzima, ilhali kilichokosekana ni ruhusa tu. Nikayatenga majibu hayo mawili.

Adhana ya magharibi ilinikuta nimebakiwa na jaribio moja: maktaba ikipewa saraka (folda), bado inajibu kuwa ni faili tupu. Nimeliacha likifeli, ili kesho nianze nalo.