Kumbukumbu ya mradi: The Stylistics ya 1971, kutoka santuri hadi kompyuta

Santuri inayofanyiwa kazi ni albamu ya kwanza ya The Stylistics, kundi la waimbaji watano wa Philadelphia, iliyotolewa na Avco mwaka 1971. Ina nyimbo 9, nyingi za mapenzi, na kila upande una takriban dakika 15. Lengo ni kupata faili zitakazosikika kama santuri iliyooshwa vizuri na kupigwa kwa sindano iliyopimwa vizuri, basi. Programu za kompyuta zitaguswa mwisho kabisa, tena kidogo.

Uamuzi huo unatokana na muziki wenyewe. Mtayarishaji alikuwa Thom Bell, aliyekuwa amekwisha kutengeneza jina na kundi la The Delfonics, na mashairi mengi ni ya Linda Creed. Kazi ilifanyika Sigma Sound, studio ya Joe Tarsia, pamoja na wapigaji ambao baadaye walijulikana kama MFSB. Bell alisoma piano ya klasiki, na hilo linasikika katika namna anavyogawa nafasi: sitari ya umeme inaingia, inasema neno lake, inatoka; honi inajibu; vibrafoni inagusa mara mbili na kunyamaza. Juu yake anakaa mwimbaji kiongozi, Russell Thompkins Jr., na falseto yake, yaani sauti ya kiume ya juu kabisa, iliyo nyembamba bila kuwa dhaifu, akitamka kila silabi mpaka mwisho. Hakuna ukuta wa sauti wa kuficha vumbi. Wimbo wa dansi wenye kelele unaweza kuvumilia santuri chafu, lakini albamu hii haivumilii, kwa sababu vitu vyake vizuri zaidi ndivyo vyenye sauti ndogo zaidi.

Kuosha

Mchanganyiko: mililita 800 za maji yaliyokenekwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na matone 3 hadi 5 ya dawa ya kulowanisha inayotumiwa na wasafishaji wa filamu za picha. Maji yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari yanafaa, mradi kibandiko kiseme wazi kwamba ni maji matupu na si asidi. Maji ya bomba hayafai hata yakichemshwa: yakikauka yanaacha chumvi ndani ya mifereji, na chumvi hiyo husikika kama mchakacho mwembamba usiokwisha. Sabuni ya vyombo nayo iachwe, kwani ina rangi na manukato yanayobaki.

Onyo kwa wenye masanduku ya santuri za zamani za mizunguko 78, zikiwemo za taarab za enzi ya Siti binti Saad: mchanganyiko huu usizikaribie. Zile ni za shelaki, na alkoholi huyeyusha shelaki. Za vinili hazina tatizo.

Utaratibu ni brashi kavu ya nyuzi za kaboni kwanza, mizunguko mitatu minne, ili mchanga usije ukasuguliwa ndani ukiwa tope. Kisha funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, mwaga takriban mililita 20 za mchanganyiko, sambaza kwa pedi ya mahameli ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Acha dakika 2 hadi 3. Ukungu, adui mkubwa wa santuri za mwambao, unahitaji muda huo ili ulegee. Futa, halafu suuza kwa maji yaliyokenekwa peke yake kwa pedi nyingine. Watu wengi huruka hatua hii ya kusuuza, na ndipo sindano inapoanza kukusanya utando mweupe kwenye ncha: uchafu umelegea, lakini bado umo. Simamisha santuri wima mpaka ikauke kabisa, na isirudi kwenye bahasha yake ya zamani ya karatasi. Bahasha mpya yenye utando wa plastiki laini ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kuosha tena.

Baada ya kuosha, mlango wa kuingilia You Are Everything, ile sitari ya umeme iliyo peke yake, ulisafika kiasi cha kusikia waya unavyoachiwa na jinsi mlio unavyopungua kabla ya sauti ya kwanza. Kabla ya hapo pengo hilo lilikuwa mchakacho mtupu. Hakuna programu ambayo ingerudisha hicho.

Kasi

Hapa pana mtego kwa mashine zilizoletwa kutoka Marekani. Mashine yenye mota ya zamani inayofuata umeme wa ukutani, iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikichomekwa kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, hata kama umeweka kibadilisha volti. Kibadilisha volti hakigusi hezi. Muziki unashuka karibu nusutoni tatu, na falseto ya Thompkins inageuka kuwa sauti ya kawaida ya kiume. Mtu asiyeijua albamu anaweza kudhani ndivyo alivyoimba. Mota hizo zinahitaji puli yake ya hezi 50. Mota za umeme mnyoofu (DC) hazina shida hiyo.

Kupima: diski ya mistari yenye mistari 180 kwa umeme wa hezi 50. Chini ya taa inayopepesa kwa umeme wa ukutani, mistari isimame tuli. Ikitembea kuelekea upande wa mzunguko, kasi imezidi. Ikirudi nyuma, kasi ni pungufu. Balbu nyingi za LED hazipepesi ipasavyo, kwa hiyo tafuta taa ndogo ya neoni. Pima sindano ikiwa juu ya santuri, maana msuguano wake hupunguza kasi ya mashine dhaifu.

Sindano na herufi S

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda, na ilistahili. Falseto iliyorekodiwa karibu na maikrofoni ina S kali, na S ndiyo inayokuwa ya kwanza kuharibika sindano isipokaa sawa: badala ya kusikia S unasikia mtemo wa mate. Kipimo kizuri kipo kwenye albamu yenyewe. Kiitikio cha Stop, Look, Listen kinarudia jina la wimbo, na maneno hayo yana S za kutosha kumfichua mpimaji mvivu.

Katrij, yaani kichwa kinachobeba sindano, ni ya jamii ya Audio-Technica VM95, ambayo sindano yake kwa kawaida huikandamiza santuri kwa uzito wa gramu 2.0. Mizani ya kidijitali yenye kusoma sehemu za mia za gramu ni lazima, kwa sababu namba zilizochorwa kwenye kizani cha mkono wa sindano haziaminiki. Watu hupunguza uzito mpaka gramu 1.5 wakidhani wanailinda santuri. Kinyume chake, sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchonga kuta. Bora izidi kidogo ndani ya mipaka ya mtengenezaji kuliko ipungue.

Mpangilio wa katrij umefanywa kwa karatasi ya kipimo yenye nukta mbili, milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati. Ukiichapisha mwenyewe, pima kwanza kwa rula mistari iliyochapwa, kwa sababu printa nyingi hupunguza ukurasa ili utoshe kwenye karatasi, na upungufu wa asilimia 3 tu unaharibu kazi nzima.

Kisha nguvu ya kuvuta mkono nje. Sikiliza kwa hedifoni. Mtemo ukiwa sikio la kulia zaidi, nguvu hiyo ni ndogo: mkono unavutwa ndani, sindano inaegemea ukuta wa ndani wenye sauti ya kushoto, na ukuta wa nje wenye sauti ya kulia unabaki bila mshiko. Ukiwa kushoto, imezidi. Sauti ya mwongozo huwekwa katikati kwa kawaida, kwa hiyo S ikianza kuelea upande mmoja ujue kuna jambo.

Ugumu huongezeka kadiri sindano inavyoelekea kwenye lebo. Pembeni mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde. Kwenye nusu kipenyo cha sentimita 6 ni kama 21 tu. Mawimbi yaleyale ya sauti yanabanwa kwenye urefu usiofika nusu, na ncha ya duara inashindwa kuingia kwenye kona. Ndiyo maana ncha nyembamba ya mikrolaini iliwekwa badala ya ile ya duaradufu, na S za Betcha by Golly, Wow zikatulia. Afadhali pia kwamba pande hizi ni fupi.

Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, You're a Big Girl Now, una sauti finyu kuliko majirani zake, na kosa si la sindano. Ulirekodiwa kabla kundi halijasaini na Avco, bila Bell na bila bajeti ya Sigma. Namna ya kutofautisha: uharibifu wa sindano hukamata S na matari pekee, wakati ufinyu wa rekodi yenyewe uko kila mahali, kwenye besi na ngoma pia. Usijaribu kuulinganisha na nyingine kwa kuongeza sauti za juu. Ukiusikiliza kama ulivyo unapata picha kamili: kijana mwenye sauti ileile, kabla hajapata mtu wa kumshonea nguo inayomkaa.

Kurekodi

Biti 24, kilohezi 96, kilele kisizidi -6 dB. Nafasi hiyo ni kwa ajili ya milio ya "tik", ambayo huruka juu kuliko muziki. Kwa mpangilio huu dakika moja hula takriban megabaiti 35, hivyo albamu nzima ni karibu gigabaiti moja kabla ya kubanwa kuwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, pamoja na sekunde kadhaa za mfereji mtupu mwanzoni.

Mvumo wa hezi 50 ukisikika, angalia waya wa ardhi wa mashine ya santuri kwanza, halafu chomeka kompyuta ya mapajani kwenye betri yake badala ya chaja. Mara nyingi chaja ndiyo chanzo.

Programu

Kichujio cha kuondoa kila kilicho chini ya hezi 20, kwa ajili ya mawimbi ya santuri iliyopinda. Milio ya tik inaondolewa mmojammoja kwa programu ya Audacity, kwa kifaa chake cha kutengeneza ambacho hakikubali zaidi ya sampuli 128 kwa mara moja. Kwenye kilohezi 96 hiyo ni milisekunde 1.3 tu, na mipaka hiyo ni neema: huwezi kuharibu sana.

Kifaa cha kuondoa tik kiotomatiki kimekataliwa. Kinatafuta kitu chochote kinachoanza ghafla na kuisha haraka, na kwenye albamu hii maelezo hayo yanafaa pia kwa mguso wa sitari na wa vibrafoni. Kikipita, mwanzo wa noti unakatwa na ala inasikika kama imefungwa kitambaa.

Kipunguza kelele ni hatari zaidi, na People Make the World Go Round inaonyesha kwa nini. Wimbo huo unafunguliwa na sauti ya upepo na njuga za upepo, halafu ndipo bendi inaingia. Kwa programu, upepo na mchakacho wa santuri ni kitu kimoja. Kwa kiasi cha dB 12 upepo wote ulifutika na njuga zikabaki zikining'inia kwenye ukimya usio wa kawaida, zikiwa na mikia ya sauti ya majimaji. Kwa dB 6 upepo ulirudi nusu. Kwa hiyo hakuna kupunguza kelele kwenye wimbo huu, hata kidogo. Toleo la albamu lina zaidi ya dakika sita, na sehemu ndefu ya mwisho isiyo na maneno ndiyo mahali pazuri pa kusikia wapigaji wa Sigma wakipumua pamoja. Mchakacho mdogo chini yake hauudhi.

Kukata nyimbo kusifanywe kwa macho. Nyingi huisha kwa kufifia, na kwenye skrini mstari huonekana bapa wakati Thompkins bado anaongeza vionjo. Pandisha sauti ya hedifoni, kata pale tu unaposikia mfereji mtupu.

Hali ilivyo sasa

Upande wa kwanza umekamilika na umehifadhiwa mara mbili, faili ghafi pembeni ya ile iliyosafishwa. Upande wa pili una Ebony Eyes yenye mkwaruzo unaogonga mara moja kila sekunde 1.8, yaani kila mzunguko, kwenye ubeti wa kwanza; unatengenezwa kwa mkono. If I Love You inasubiri kurekodiwa upya baada ya kupima tena kimo cha mkono wa sindano, maana S zake bado ni kali kuliko zinavyopaswa. Baadaye zitafuata picha za jalada, na namba zilizochongwa karibu na lebo zitanakiliwa kwenye maelezo ya faili, ili anayemiliki chapa nyingine aweze kulinganisha. Santuri ya kuoshwa baada ya hii ni Diana & Marvin ya 1973, ambamo Diana Ross na Marvin Gaye wanaziimba You Are Everything na Stop, Look, Listen kwa sauti mbili; S zitakuwa za watu wawili.